Kuficha Maoni Si Kuyafuta

Leo naweka msimbo kando. Nataka tuongee kuhusu kitu ambacho wengi wetu tunakitumia kila wiki bila kukijua vizuri: yale maoni ya pembeni katika programu za kuandikia. Nina sababu ya kulichagua jambo hili, na sababu yenyewe inanitia aibu hadi leo.

Mwaka 2016 mimi na mwenzangu tuliandika pendekezo la kutengenezea shule moja ya upili mfumo wa karo. Tuliandika kwa Word, tukitumiana faili kwa barua pepe. Kila mmoja akisoma kazi ya mwenzake anaweka maoni pembeni, kama mwalimu na wino wake mwekundu. Bei tuliyoandika ilikuwa shilingi 380,000. Pembeni mwenzangu akaandika: "Wakilia sana tushuke hadi 250,000." Ukurasa wa tatu, penye maelezo ya hifadhidata, mimi nikaandika: "Hawa hawataelewa, tupunguze."

Usiku wa mwisho ukurasa ulikuwa umejaa mistari na viputo hata sikuweza kuusoma. Nikaenda "Review", nikachagua "No Markup". Ukurasa ukawa safi kama umepigwa pasi. Nikautuma, nikalala.

Kesho yake mwalimu mkuu akanipigia simu. "Kijana, nimesoma barua yenu yote. Sasa niambie, nilipe hii bei ya katikati ama ile ya pembeni?"

Nilikosa la kusema. Tarakilishi yake ilikuwa na LibreOffice, ambayo ilimwonyesha kila oni pembeni pamoja na jina la aliyeliandika. Akaendelea, kwa upole kabisa: "Halafu ule ukurasa wa tatu nimeuelewa. Nimefundisha hisabati miaka ishirini."

Kazi alitupa, lakini kwa 250,000. Pesa tulizopoteza nimeshazisahau. Lile neno la ukurasa wa tatu ndilo ambalo sijasahau.

Baadaye niligundua kwamba hata wakubwa huanguka shimo hilo hilo. Oktoba 2005, ripoti ya Umoja wa Mataifa kuhusu mauaji ya Rafik Hariri, waziri mkuu wa zamani wa Lebanon, ilitolewa ikiwa faili ya Word yenye masahihisho ndani yake. Waliofungua faili hiyo waliweza kuona majina ya watu yaliyokuwa yameondolewa kabla ya ripoti kutolewa.

Kosa langu lilikuwa hili. Nilidhani nimesafisha waraka, kumbe nilikuwa nimebadilisha miwani yangu tu. Faili ya docx kwa kweli ni kifurushi cha zip. Tengeneza nakala ya faili yenye maoni, badilisha mwisho wa jina lake uwe .zip, kisha uifungue. Ndani ya folda iitwayo word utakuta comments.xml. Humo mna maoni yako yote, jina lako na tarehe. "No Markup" haigusi faili hiyo hata kidogo.

Haya, tuingie kwenye mipangilio yenyewe. Katika Word, chini ya "Review", kuna namna nne za kutazama. "All Markup" inaonyesha kila kitu. "Simple Markup", iliyokuja na Word 2013, inaonyesha mstari mwekundu pembeni palipoguswa, na ndiyo ninayoipenda wakati wa kuandika. "No Markup" inaonyesha waraka utakavyokuwa ukiyakubali masahihisho yote. "Original" inaonyesha ulivyokuwa kabla ya kuguswa.

Kama viputo vinakubana, fungua "Show Markup", kisha "Balloons". Hapo unaweza kuyaweka masahihisho ndani ya mistari yenyewe na kuacha maoni peke yake pembeni. Kwa waraka mrefu, mpangilio huo unapumzisha macho.

Kwa LibreOffice, maoni yanafichwa na kurudishwa kupitia "View", kisha "Comments". Ukitaka kuyachapisha, dirisha la uchapishaji linakuuliza uyaweke wapi: pambizoni, mwisho wa ukurasa au mwisho wa waraka. Ukichagua pambizoni, maandishi yatapungua ukubwa ili kupisha nafasi, kwa hiyo usishangae. Katika Word ukitaka karatasi safi, ondoa alama kwenye "Print Markup" kabla ya kuchapisha.

Hayo yote ni ya macho yako. Wakati wa kumtumia mtu wa nje, fanya hivi. Kwanza, weka nakala yenye maoni kwako, maana siku moja utataka kujua nani alisema nini. Pili, kwenye nakala ya kutuma, kubali au kataa masahihisho yote, kisha ufute maoni yote. Amri iko kwenye mshale chini ya "Delete". Tatu, nenda "File", "Info", "Check for Issues", halafu "Inspect Document". Word itakuambia kilichobaki. Mwisho, ukiweza, fungua nakala hiyo kwa programu nyingine kabla ya kuituma. Kama ningefanya hilo peke yake mwaka ule, ningemwona mwenzangu pale pembeni akishusha bei.

Na mimi nimeongeza sharti moja ambalo haliko kwenye menyu yoyote: siandiki pembeni neno ambalo siwezi kumwambia mhusika ana kwa ana. Mwalimu yule bado ananipigia simu mfumo ukisumbua. Kila mara nikimweleza jambo la hifadhidata, ananiuliza kama nina hakika ataelewa. Halafu anacheka. Mimi sicheki sana.