Kidakuzi na Shairi la Pindu

Wapenzi wa lugha, kwa miaka yote niliyofundisha sekondari nilikuwa mkali kwa maneno ya mkopo, na kustaafu hakujanilainisha. Mpwa wangu alipokuja kwangu hapa Tukuyu, akaweka tarakilishi yake mezani na kulalamika kwamba kuki zinamsumbua, nilimsahihisha kabla hata ya kumwuliza amekwama wapi. Nilimwambia aseme vidakuzi, neno ambalo hata Google hulitumia katika kurasa zake za Kiswahili.

"Sawa, mjomba. Basi vidakuzi vinanisumbua."

Alikuwa akiandika programu ya kujaribu mlango wa tovuti: ijaze yenyewe jina na nywila, iingie, isome ukurasa wa ndani, kisha iseme kama mambo ni shwari. Alipaswa kuikabidhi Jumatatu asubuhi, na ujira wake ulitegemea hapo. Siku hiyo ilikuwa Jumamosi, jioni, mvua yetu ya Rungwe ikipiga bati. Nywila ilikubaliwa, lakini programu ilipoomba ukurasa wa ndani, ilirudishwa pale pale langoni, bila neno la maelezo.

Hapo nikakosea. Kudakua ni kutoboa siri. Mdakuzi ni mpekuzi wa mambo ya watu. Na magazeti ya udaku tunayajua sote. Nikaamua kwamba kitu chenye jina hilo hakifai kufugwa. "Vifute vyote," nikamshauri, naye kwa heshima akaandika amri ya kuvifuta kabla ya kila ombi. Sasa hata nywila haikukubaliwa. Alirudia mara nyingi mno, hata akaunti ya majaribio ikafungwa, na tukangoja mpaka Jumapili mchana wenye tovuti walipoifungua. Usiku mzima ulipotea kwa sababu ya viambishi vyangu.

Katika kungoja huko ndipo nilipomwomba anifundishe. Akanieleza kwamba seva haina kumbukumbu: kila ombi linaloifikia ni mgeni mpya. Mwaka 1994 Lou Montulli, mhandisi wa Netscape, alibuni njia ya kuipa kumbukumbu. Seva hukikabidhi kivinjari neno fupi, na kivinjari hulirudisha neno hilo katika kila ombi linalofuata. Kwa neno hilo seva humtambua aliyekwisha kuingia.

"Kumbe ni pindu," nikasema.

Nyinyi malenga mnalijua pindu, ambalo wengine huliita mkufu: maneno yanayofunga ubeti mmoja ndiyo yanayofungua ubeti unaofuata. Nikamwomba anisomee mazungumzo ya programu yake na seva, ombi kwa ombi, kama wanafunzi walivyonisomea beti zao. Akasoma. Ukurasa wa kwanza ulitoa neno moja. Baada ya nywila kukubaliwa, seva ilitoa neno jingine. Lakini yeye alikuwa amelinakili lile la kwanza kwa mkono ndani ya programu, naye alilirudisha kila mara.

"Mwanangu, unafungulia kila ubeti kwa mwisho wa ubeti wa kwanza."

Akanyamaza, kisha akacheka. Seva nyingi hubadilisha neno mtu anapoingia, ili aliyelinasa la awali asipenye nalo. Akafuta alichonakili pamoja na ile amri yangu, akaweka hifadhi moja ya kupokea kila neno jipya na kulirudisha. Palibaki kasoro ndogo: neno lile liliwekewa sharti la kusafiri kwa njia iliyofichwa, yaani HTTPS, ilhali yeye aliandika anwani ya HTTP tupu. Akaongeza herufi moja, mlango ukafunguka. Kazi ilikabidhiwa alfajiri ya Jumatatu.

Tangu hapo neno kidakuzi linanikera kidogo. Kuki halikuniambia chochote, na kwa hiyo lingenilazimu kuuliza. Kidakuzi liliniambia mengi mno, nami nikaliamini kwa kuwa ni la Kiswahili. Sijapata la kuliweka mahali pake. Kishikizo nimelifikiria, mpwa wangu akasema linamkumbusha shati. Mwenye neno bora alilete.

Lakini vile vya watangazaji, vinavyomfuata mtu kutoka tovuti hadi tovuti, naendelea kuvikataa kwenye simu yangu. Hivyo jina linavistahili.