Tanuri la Padre Boyle

Katika mji wa Los Angeles, huko Marekani, vijana wa makundi ya wahuni walikuwa wakiuana. Waliotoka kifungoni hawakupata kazi. Maana ni nani atakayemwajiri mtu mwenye michoro ya wino usoni? Mwaka 1992 Padre Gregory Boyle, Myesuiti, alifungua nyumba ya kuokea mikate karibu na kanisa la Dolores Mission, akawaweka maadui kwenye meza moja. Kazi hiyo ni ngumu kupita kuoka! Lakini unga uliotiwa hamira haumngoji mtu aliyenuna. Sharti huyu apime maji na yule akande. Mwaka 1999 moto uliiteketeza nyumba ile. Mwaka 2007 likawashwa tanuri jingine, na vijana wakaendelea kukanda pamoja.