Chumvi ya Katwe na Kambale wa Mama

Samaki akiugua hakohoi wala halalamiki. Kwetu Karusandara, ambako samaki wa Ziwa George tunawajua wakiwa wamekaushwa au wamo chunguni, hata wazo la kumuuguza mmoja linachekesha. Baba mdogo alicheka waziwazi alipotukuta, mama na mimi, tumechuchumaa kando ya tangi la saruji nyuma ya nyumba.

"Mtoeni mapema," alisema. "Kesho hatafaa hata kwa mchuzi."

Hakuwa samaki wa mchuzi. Alikuwa kambale jike wa kilo mbili na ushei, mzazi wa vifaranga ambao mama huwauzia wenye mabwawa. Jike mkubwa hubeba makumi ya maelfu ya mayai. Akishakamuliwa anaweza kurudishwa majini akaishi, ilhali dume huuawa ili mbegu yake itolewe. (Hapo wanaume tuna haki ya kulalamika.) Sehemu kubwa ya karo yangu ya muhula ilikuwa ndani ya tumbo lile.

Alikuwa ananing'inia wima, mdomo juu. Kambale ana kiungo juu ya matamvua kinachomwezesha kuvuta hewa, kwa hiyo kuja juu si ajabu. Kilichotutisha ni kwamba hakushuka tena. Mgongoni alikuwa na utando mweupe kama pamba. Ni kuvu, na kuvu hiyo humea zaidi penye jeraha au kwa samaki aliyekwisha kudhoofika. Maji yenyewe yalinuka. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua, na mabaki ya chakula yakioza huiongeza. Tena jua la wiki ile lilikuwa kali, na maji yakipata joto hushika oksijeni kidogo.

Mama alikuwa amekwisha kuleta dawa: chumvi ya Katwe, ile wanayolambishwa ng'ombe. Tukabishana. Chumvi kweli humsaidia samaki wa maji baridi, lakini ya Katwe si chumvi tupu, ina magadi ndani yake. Magadi huyafanya maji yawe ya alkali zaidi, na katika maji ya namna hiyo amonia huzidi kuwa sumu. Mama kwao ni Katwe, akaona natukana nyumbani kwao.

"Chumvi hii imelea ng'ombe wa babu yako."

"Ng'ombe haishi ndani yake, mama."

Alinyamaza kitambo, kisha akanipa hela nikanunue chumvi ya mezani.

Maji ya bomba yana klorini, nayo huunguza matamvua, kwa hiyo tuliyaacha wazi mchana na usiku kabla ya kuyatumia. Katika pipa la lita 100 tulitia gramu 300 za chumvi, zaidi kidogo ya nusu pakiti. Tukamhamishia humo, tukafunika kwa wavu na mawe, maana kambale huruka. Kila asubuhi nilipunguza theluthi ya maji na kujaza mengine, nikiongeza chumvi ya theluthi hiyo tu. Ile ya kwanza haipotei hewani. Tangi nalo tulilitoa tope lote.

Kilichomshinda mama ni kutomlisha. Siku tatu! Nyumbani kwetu mgonjwa hubembelezwa ale hata kijiko kimoja, na huyu tulikuwa tunamnyima kwa makusudi, kwa kuwa kila anachokula humrudia majini. Usiku nilimsikia mama akitoka na tochi kwenda kumwangalia.

Siku ya nne alishuka chini. Siku ya sita ile pamba ilikuwa imekatika, imebaki alama ya kijivu. Mama alidondosha mnyoo mmoja. Ulizama, ukakaa, tukakata tamaa. Tulipochungulia tena haukuwepo.

Kama mayai yamesalimika bado hatujui. Baba mdogo alirudi Jumamosi, akainamia pipa kwa muda mrefu, kisha akauliza vifaranga mia vitakuwa bei gani, maana anafikiria kuchimba bwawa. Mama alimwambia alete kishika uchumba kwanza.