Daftari la Mtaa

Nilipangiwa Kilakala, Morogoro, nikiwa mwalimu mpya wa historia, na hapohapo ndipo nilipostaafu. Shule yetu ya wasichana ilianza kama Marian College, chini ya masista wa Maryknoll, kabla serikali haijazichukua shule za mashirika ya dini na kuipa jina la mahali ilipo. Wanafunzi wangu walikuwa hodari. Wangekueleza habari za Bismarck bila kukosea, lakini Kisabengo hawakumjua, ilhali walikuwa wakinywa maji ya milima ileile aliyoyanywa yeye.

Kisabengo, Mzigua, alijenga mji wenye ngome ya mawe chini ya Milima ya Uluguru katikati ya karne ya 19, na binti yake Simbamwene akautawala baada yake. Mvumbuzi Stanley alipita hapa mwaka 1871 akausifia mji huo. Aliporejea mwaka uliofuata akakuta mafuriko yameubomoa ukuta. Ningewapeleka wapi watoto wakaone? Nikaanza kuwapa kazi ya likizo: nenda kwa bibi yako, uliza, andika, taja aliyesema na mahali alipokuwa ameketi.

Kwa Waluguru ukoo hupita kwa mama. Shamba, mti wa tambiko, jina la kijito, vyote vina mwenyewe kwa upande huo. Kwa hiyo niliwasisitizia wasichana wasiishie kwa babu aliyekaa barazani kupokea wageni. Waingie jikoni, kisha wamtafute mjomba. Bibi mmoja aliyetoka upande wa Matombo alitusimulia habari za matuta ya ngazi ambayo serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu kuyachimba milimani. Hakutosheka na maneno. Aliomba jembe, akasimama uani akatuonyesha jinsi walivyokata udongo, mguu mmoja juu, mwingine chini, akasema udongo mzuri ulibaki umefukiwa na mahindi yakakataa. Nilikuwa nimesoma vitabuni kuhusu ghasia za mwaka 1955 za kuyapinga matuta hayo. Siku ile ndipo nilipoelewa kwa nini watu waliokuwa wapole waliinuka.

Kaseti na madaftari vilipojaa kabati, walimu wenzangu waliokwisha kustaafu, mama wauza mboga na mzee mmoja wa reli tukaunda kikundi cha mtaa. Tulikutana Jumamosi, baada ya soko. Hatukuwa na fedha, ila tulikuwa na subira.

Kazi iliyotuumiza roho ni ya majengo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja kilichojengwa kabla ya mwaka 1863. Cha baadaye hakilindwi hadi kitangazwe. Hebu fikiria maana yake kwa mji kama wetu. Reli ilifika Morogoro mwaka 1907. Nyumba ya Morningside kule mlimani ni ya enzi za Mjerumani. Kumbi ambamo Mbaraka Mwinshehe alipigia gitaa na Morogoro Jazz ni za juzi tu. Karibu kila kitu ambacho mtu wa Morogoro angekiita chetu kimezaliwa baada ya mwaka huo. Nimeona nyumba moja ya zamani, yenye kuta nene na baraza pana, ikishushwa chini ndani ya wiki moja, na mbao za mlango zikapakiwa kwenye mkokoteni kwenda kuwa kuni. Tulichowahi kupata ni vipimo vya vyumba na picha nne. Naamini kwa dhati kwamba mwaka huo wa 1863 unapaswa kubadilishwa, na nimesema hivyo katika kila kikao nilichoalikwa.

Tofauti niliiona Mazimbu, hapahapa Morogoro. Wapigania uhuru wa ANC, chama cha Afrika Kusini, walijenga pale shule ya Solomon Mahlangu, na walipoondoka wakaikabidhi kwa Tanzania. Leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Makaburi yao yapo, yana majina, na jamaa husafiri kutoka Afrika Kusini kuja kuyazuru.

Siku hizi tunanakili kaseti kabla utepe haujaoza. Kila simulizi tunaitolea nakala tatu: moja ya maktaba ya shule, moja ya ofisi ya kata, na ya tatu inarudi kwa familia iliyotusimulia. Hiyo ya tatu naipeleka mwenyewe.