Sufuria Inayoisha: Barua kwa Mjukuu Aliyeko Chuoni Nchiru

Chakula cha hotelini hakina bei moja, hata kama ubao wa mlangoni umeandikwa bei moja. Githeri, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, inayopakuliwa saa sita mchana ikiwa imeteremka mekoni sasa hivi, na githeri ya saa mbili usiku kutoka sufuria ileile, iliyokwisha kuongezwa maji mara mbili na kukaangiwa kitunguu kipya ili uchachu wake usinuke, hulipiwa fedha zilezile. Kwa hiyo mwanafunzi mwenye fedha chache akifika mahali pageni asianze kuuliza hoteli ipi ni ya bei nafuu. Aulize kwanza sufuria hutua saa ngapi, na huisha saa ngapi.

Hoteli inayozungumziwa hapa ni hoteli kama watu wa Laare, mji wa miraa huko Igembe, wanavyoielewa: mahali pa kula, si pa kulala. Aghalabu ni chumba cha mabati chenye benchi nne, meza zilizotandikwa plastiki ya maua, na meko upande wa nyuma. Nyanya anayeandika barua hii aliendesha hoteli ya namna hiyo karibu na soko kwa miaka mingi, na anayoyaeleza ni yale ambayo mwenye hoteli huyajua na mteja huyakisia tu.

Laare huonyesha wazi jinsi saa inavyotawala sahani, kwa kuwa saa zake hupangwa na miraa. Wachumaji huingia shambani alfajiri. Miraa ikishachambuliwa na kufungwa huviringishwa kwa majani ya mgomba isinyauke, na magari hayana budi kuondoka upesi kwa sababu baada ya siku mbili hivi nguvu ya jani hilo huwa imepotea. Mtu aliyepanda miti tangu giza hali mlo wake mzito saa saba kama karani. Huutaka saa nne asubuhi. Mwenye hoteli aliyeivisha maharagwe yake saa saba amechelewa soko, na maharagwe hayo yatalala. Mgeni aliyepita Laare saa nane akaketi na kuagiza chapati kwa maharagwe hula kilichobaki, kisha huenda akisema watu wa huko hawajui kupika.

Nchiru, kwa upande wake, hupangwa na ratiba ya masomo. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, kilichopewa hati mwaka 2013 na kilicho kwenye ardhi iliyotolewa na Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Wameru, hutoa wanafunzi wake darasani kwa makundi, na vibanda vya nje ya lango hupika kwa kufuata makundi hayo. Mwanafunzi akishaishi hapo wiki mbili hujua mawimbi yenyewe. Anayefika nusu saa kabla ya wimbi hupata chakula cha kwanza, mpakuzi asiye na haraka, na mara nyingi kijiko cha ziada. Anayefika pamoja na wimbi husukumana. Anayefika baadaye huambiwa, "Githeri imeisha," akanuna. Hana sababu ya kununa. Hoteli inayomaliza sufuria yake ndiyo ya kurudia kesho mapema, kwani haina kiporo cha kumuuzia mtu. Ya kuogopwa ni ile ambayo kila kitu kilichoandikwa ubaoni kinapatikana saa zote.

Kuhusu fedha, hali ya mwanafunzi wa leo si ya wale waliomtangulia. Waliosoma vyuo vikuu vya Kenya miaka ya 1980 walilishwa na serikali na juu yake wakapewa posho waliyoiita boom. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 chakula hicho cha bure kiliondolewa, mwanafunzi akaanza kulipia kila anachokula. Helb ikaundwa mwaka 1995 ili kutoa mikopo. Jina la boom likabaki, na hii ya sasa ni deni lenye riba. Chipsi na kuku vya wiki ya kwanza ya muhula vitakuja kulipwa na mtu mzima mwenye kazi na watoto, muda mrefu baada ya ladha yake kusahaulika.

Shida ya boom ni kwamba huja kwa mkupuo, kisha hukatika. Watu wa Laare wanaijua fedha ya namna hiyo. Uingereza ilipopiga marufuku miraa tarehe 24 Juni 2014, na tena Somalia ilipofunga mlango kuanzia Machi 2020 hadi Julai 2022, hoteli zilikuwa za kwanza kuhisi. Waliokuwa wakiagiza nyama wakaagiza maharagwe. Wa maharagwe wakaagiza chai na mandazi. Wa chai wakapita mlangoni wakitazama upande wa pili, maana majina yao yalikuwa kwenye daftari la madeni. Waliopita salama hawakuwa wale waliopata zaidi. Walikuwa wale ambao hata miraa ilipokuwa na bei walikula kwa kipimo cha siku za kawaida.

Kipimo hicho kwa mwanafunzi hupatikana kwa hesabu ndogo. Tuseme muhula una wiki 14 na fedha ya chakula ni shilingi 14,700. Hiyo ni shilingi 1,050 kwa wiki, au 150 kwa siku. Chai na mandazi mawili asubuhi, tuseme 40. Githeri au ugali kwa sukuma wiki mchana, 60. Chapati moja na maharagwe jioni, 50. Siku imekwisha na hakuna aliyelala njaa, lakini pia hakuna shilingi ya soda. Kwa hesabu hiyo sahani ya kuku na chipsi ya shilingi 300 ina thamani ya siku mbili nzima. Si dhambi kuila. Ila anayeila Jumatatu ajue kwamba ameshaila Jumanne yake. Njia iliyowasaidia wengi ni kuigawa fedha kwa wiki badala ya kwa muhula: kila Jumapili jioni zitolewe zile 1,050 na kuwekwa kando, na zilizobaki zichukuliwe kama za mtu mwingine.

Katika vyakula vya bei ya chini, githeri haina mpinzani, na dharau ambayo vijana huionyesha kwa chakula hiki walichokula shuleni miaka minne haina msingi. Mahindi yana upungufu wa lisini, ambayo maharagwe yanayo kwa wingi. Maharagwe nayo yana upungufu wa methionini, ambayo mahindi huijazia. Vikikutana kwenye sahani moja huujenga mwili karibu kama nyama. Robo ya parachichi huongeza mafuta, na mboga za majani huongeza kilichobaki. Mukimo, chakula cha kupondwa, huja baada yake, hasa ule wa Meru wenye ndizi mbichi ndani, lakini mukimo haulali vizuri: wa jana hujulikana kwa ukoko mkavu pembeni na uchachu kidogo ulimini. Chapo madondo, yaani chapati kwa maharagwe, chakula kipenzi cha wanafunzi, kina siri moja. Chapati za asubuhi hukaangwa kwa mafuta mapya na unga uliopumzika usiku. Za jioni nyingi ni zilezile zilizopashwa moto. Anayependa chapati aile asubuhi, jioni ale ugali, kwa kuwa ugali hausongwi ukangoja kesho.

Maharagwe pia husema ukweli wa jiko. Yaliyoiva taratibu hupasuka ngozi na kufanya mchuzi mzito wenyewe. Yaliyoharakishwa kwa magadi huwa laini kupita kiasi na hubadilika rangi. Mpakuzi anayechota juu bila kukoroga anauza maji. Akiombwa kwa upole, "Mama, nikorogee kidogo," hukoroga, wala hakasiriki.

Mahindi yenyewe yana jambo zito zaidi. Mwaka 2004 watu 125 walikufa mashariki mwa Kenya, wengi wao Makueni na Kitui, baada ya kula mahindi yaliyoingia sumu ya ukungu, na sumu hiyo haiondoki kwa kuchemshwa. Githeri yenye harufu ya ukungu isimalizwe kwa sababu tu imeshalipiwa. Kadhalika mahindi yanayotumwa kutoka nyumbani kwa matatu yakaushwe sawasawa kabla ya kufungwa guniani.

Usafi wa hoteli hautambuliwi kwa ukuta uliopakwa rangi. Sheria ya Kenya inamtaka kila anayeshika chakula cha kuuza apimwe afya na kupewa cheti kila miezi sita, na cheti hicho kikitundikwa ukutani tarehe yake huonekana bila kuuliza. Baada ya cheti hutazamwa maji. Je, ndoo ya kuoshea sahani ina maji yanayobadilishwa, au ni supu ya pili? Je, mama anayepokea pesa ndiye huyohuyo anayeshika chapati kwa mkono uleule? Vyakula vya barabarani hupimwa vivyo hivyo. Yai lililochemshwa ni salama maadamu ganda halijapasuka, lakini kachumbari inayotiwa ndani ilikatwa saa ngapi, na kwa maji gani? Mutura, utumbo uliojazwa nyama, uliwe moto, kutoka jikoni kwenda mdomoni. Chipsi zitazamwe mafuta: yakiwa meusi na yanatoa povu jingi, yamekaanga tangu juzi.

Miraa inastahili maneno yake, tena bila unafiki, kwa sababu karo nyingi za Laare zimetoka kwenye mti huo. Jani hilo huua njaa. Mwanafunzi anayetafuna jioni huruka chakula na kudhani ameokoa shilingi 50, lakini kando ya miraa kuna soda, njugu karanga na chingamu ya Big G, na handasi, yaani mchangamko wa miraa, ikipanda usingizi haupo; asubuhi chai haipiti kooni na mchana mwili unadai deni lote kwa mpigo. Mwenye hoteli huwajua watafunaji kwa sahani wanazoziacha nusu. Wachumaji wenyewe, wanaoishi kwa mti huo, hula kwanza.

Kukopa chakula ni sehemu ya kula nje, na hakuna haja ya kujifanya jambo hilo halipo. Kila kibanda kina daftari. Linalomuumiza mwenye kibanda si deni lenyewe, ni mdaiwa anayebadilisha njia. Mwanafunzi aliyekopa mara mbili akalipa mara mbili siku aliyoitaja amejipatia jiko la dharura kwa muda wote wa masomo. Aliyehamia kibanda cha jirani kwa sababu ya shilingi 80 amepoteza vibanda viwili, maana mama hao huongea jioni wakiosha sufuria. Deni la daftari halina ada. Fuliza, ule mkopo wa simu, ina ada, na mtu anayelipia mandazi kwa Fuliza hula mandazi ya bei ambayo haikuandikwa popote. Wapo pia wanaolipa mbele: shilingi 300 Jumatatu, kisha wanakula hadi fedha iishe. Hoteli hupenda sana mpango huo na kwa kawaida huzidisha kijiko, lakini usizidi wiki moja, kwani vibanda vya kando ya barabara hubomolewa bila kubisha hodi.

Imebaki nyama, kwa kuwa hakuna barua itakayomzuia kijana wa Igembe kula nyama. Mara moja kwa mwezi, wanne wakichanga, kilo moja ya mbuzi Makutano mjini Meru haivunji hesabu. Nyama hupimwa mbichi na hupungua motoni. Kinachorudi kwenye ubao kikiwa chepesi kuliko kilivyokwenda si lazima kiwe kimeibiwa. Hata hivyo kipande huchaguliwa kwa kidole kikiwa bado kinaning'inia, na hukatwa mbele ya mlaji, ili mfupa usiwe mwingi kuliko urafiki. Ugali na kachumbari huulizwa bei kabla, kwa kuwa kwingine vimo na kwingine havimo. Supu ya kungojea mara nyingi ni ya bure kwa anayeiomba. Kuchoma huchukua karibu saa nzima, na mwenye bucha anajua kabisa kwamba wageni wenye njaa, wakinusa moshi dakika 40, wataagiza sahani ya chipsi ambayo hawakuitaka. Ndizi mbivu mbili zilizoliwa ndani ya matatu kabla ya kufika Makutano huiondoa sahani hiyo kwenye bili.