Farasi, pini na mashine ya kukandamiza

Najua nimepotea wiki mbili hapa. Nilikuwa kwenye msuli wa seminari ya upasuaji, na mada niliyopangiwa ni hii: farasi akivunjika mguu, vile vyuma vya nje vinapimwaje nguvu kabla hajafungwa? Darasa zima lilicheka. Hapa Moro farasi utamwona wapi? Lakini mi nimeipenda jamani.

Binadamu akivunjika mguu analazwa, anapewa magongo, anaambiwa asikanyage. Farasi wa kilo 500 humwambii hivyo. Akizinduka kwenye nusukaputi anasimama, tena kwa mguu ule ule. Ndiyo maana miaka na miaka dawa yake ilikuwa risasi. Watu wanadhani eti mfupa wa farasi hauungi. Unaunga bwana! Shida ni zile wiki za katikati.

Vyuma vya nje vinafanya hivi: pini nene zinapitishwa kwenye mfupa juu ya palipovunjika, ncha zake zinashikwa na fremu au P.O.P. nje ya ngozi, na uzito unashukia kwenye fremu hadi chini bila kupita kwenye ule mvunjiko. Huko Marekani, kituo cha New Bolton, Pennsylvania, David Nunamaker na wenzake walitoa chombo cha namna hiyo miaka ya 1980, ili farasi akanyage mara moja.

Sasa kupima. Wanachukua mifupa ya farasi waliokufa, wanaikata kwa msumeno iwe kama imevunjika, wanafunga pini na fremu, wanaweka kwenye mashine inayokandamiza taratibu huku kompyuta ikichora grafu ya nguvu na kusogea. Mstari ukipanda wima, chombo kimekaza. Ukianza kulala, kuna kitu kimepinda. Halafu wanarudia kwa mzigo mdogo zaidi, mara maelfu, maana farasi hakanyagi mara moja. Kwangu hicho ndicho kipimo chenyewe. Chuma kinaweza kubeba mzigo mzito leo kikachoka kesho kutwa.

Hesabu yake tamu. Pini ya milimita 8 inapinga kupinda zaidi ya mara 3 kuliko ya milimita 6, kwa sababu unene unapanda kwa kipeo cha nne. Ukisogeza fremu hadi ile sehemu ya pini iliyo wazi ikawa nusu, kupinda kunapungua mara 8. Basi tuweke pini kama nondo za ghorofa? Thubutu! Tundu likizidi, mfupa unapasuka hapo hapo kwenye tundu. Na drili ikitoa joto sana, mfupa unaozunguka pini unakufa na pini inalegea baada ya wiki kadhaa. Hilo mashine haikuonyeshi, maana mfupa ulio mezani umeshakufa tayari.

Kuna farasi aliitwa Barbaro. Alishinda Kentucky Derby Mei 2006, wiki mbili baadaye akavunjika mguu wa nyuma wa kulia kwenye mbio za Preakness. Dean Richardson wa hapo New Bolton alimfunga bamba na skrubu zaidi ya 20. Mfupa ukaunga vizuri tu, ila mguu wa kushoto ukapata laminaitisi, yaani zile tishu zinazoshikilia ukwato zikaachia. Januari 2007 wakamwekea na vyuma vya nje mguu wa kulia. Miguu ya mbele nayo ikaanza, na tarehe 29 ikabidi wampe sindano ya mwisho. Niliposoma hapo nilifunga kompyuta nikatoka nje.

Nilimkumbuka punda wa bibi kule Kondoa. Alivunjikia mguu korongoni, wakammaliza jioni ile ile, na bibi akarudia kubeba maji kichwani. Punda ni kilo 150 au 200 hivi, hafiki hata nusu ya farasi. Kwa hesabu ile ile, fremu yake inaweza kuwa nyepesi kabisa, hata fundi wa karakana akaichomelea. Mwenzangu wa chumba anasema mashine ya kukandamizia zege ni kubwa mno kwa kazi hiyo, tutafute ile ya kupimia vyuma.

Mifupa ya punda nimeshaomba. Seminari ni Jumatano saa nne asubuhi, njooni. Na anayemjua jamaa wa ile mashine aniunganishe naye, tafadhali.