Pishi Yetu Ilipopungua Robo Lita

Ilikuwa alasiri ya mwezi 27 Ramadhani. Tulikuwa tumekaa barazani mwa msikiti tukipokea Zakatul-Fitri, daftari mbele yetu, magunia ukutani, na katikati kopo la plastiki ambalo kwa miaka mingi msikiti wetu umeliita pishi. Akafika bibi mmoja wa mtaani na mchele wake katika kikapu cha ukili. Tulimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akatutazama tukimpimia. "Wanangu," akasema, "hiyo ni pishi ya wapi?" Akatoa chini ya kanga yake kibaba cha bati, kizee kuliko sisi sote, akaanza kupima mwenyewe. Vibaba vitatu viliingia kwa raha. Cha nne kilipofika nusu, kopo lilikuwa limejaa na mchele ukawa unamwagika mkekani.

Vijana wengi leo wanakijua kibaba kwa methali tu, ile ya haba na haba. Vibaba viwili ni kisaga, vinne ni pishi, na kwa pishi hiyo wazee wa pwani walifasiri swaa ya Mtume (s.a.w.). Swaa ni mudi nne, na mudi ni ujazo wa viganja viwili vilivyokutanishwa vya mtu wa wastani. Ni kipimo cha chombo, si cha mizani. Imamu Nawawi ameeleza kwamba tegemeo ni ujazo, na uzito ni makadirio tu. Hayo tuliyasoma chuoni na tukayajibu katika mtihani. Kopo lililo mbele yetu hatukuwahi kuliuliza.

Usiku ule baada ya tarawehe tulilibeba hadi dukani kwa jirani mwenye mizani iliyopigwa muhuri wa vipimo. Tulilijaza maji, kwa kuwa lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na baada ya kutoa uzito wa kopo tukapata lita 2.5 kamili. Hapo kosa likajieleza lenyewe. Msikiti wetu hutangaza kila mwaka kwamba fitri ni kilo 2.5 za mchele, na tangazo hilo ni salama, kwa sababu hesabu inayotajwa sana katika vitabu vya fikihi vya zama hizi ni lita 2.75 kwa swaa, na mchele wa ujazo huo hauzidi sana kilo 2 na robo. Inaelekea mtu wa zamani, Mwenyezi Mungu amsamehe, alisikia "mbili na nusu" akaenda sokoni kutafuta chombo cha mbili na nusu, akakipata cha lita. Namba ilihama, kipimo chake kikabaki nyuma.

Tulilijaza mchele: kilo 2 na gramu chache. Tulilijaza unga, ambao kwa Mashafii hautolewi fitri, ila kwa kutaka kujua tu: kilo moja na nusu, na mwenye duka akacheka. Kisha kila mmoja wetu akachota mchele kwa viganja vyake mara nne. Mhazini wetu ni seremala, na swaa yake ingemlisha mtu na mgeni wake. Ndiyo maana mafakihi wakasema viganja vya wastani.

Tuliporudi tukakumbushana kisa cha Abu Yusuf, mwanafunzi wa Abu Hanifa. Alifika Madina akiamini, kama watu wa Iraki, kwamba swaa ni ratili 8. Wakamjia watu wa Madina, kila mmoja na swaa yake chini ya nguo, wakieleza kwamba wameirithi kwa wazazi wao waliotoa zaka kwayo zama za Mtume (s.a.w.). Akapima, akakuta ratili 5 na thuluthi, akaiacha kauli ya mwalimu wake. Hatumfananishi mtu na mtu. Kibaba cha bibi yetu pia hakikuwa hoja peke yake, maana vibaba vya madukani vilitofautiana. Lakini bila kibaba kile tusingekwenda kwenye mizani.

Daftari lilionyesha nyumba 41, watu 163, waliopimiwa kwa kopo. Kila kichwa kilikuwa kimepungukiwa robo lita, kikombe kimoja cha chai. Kwa jumla ni debe mbili za chakula ambazo maskini wa mtaa huu wangezikosa. Mmoja wetu alipendekeza tukamilishe kimya kimya kwa fedha za msikiti, watu wasipoteze imani na kamati. Tulibishana mpaka karibu na daku. Fedha zile zilitolewa kwa ajili ya maji na umeme, na fitri ni ibada ya mwenyewe. Hailipwi na mwingine bila idhini yake.

Basi usiku wa pili, baada ya Isha, tukasimama tukasema. Tulitetemeka. Imamu alisoma Suratul-Mutaffifin katika tarawehe, na mpaka leo hatujui kama ilisadifu tu. Kabla ya Swala ya Idi nyumba 38 zilileta vikombe vyao, wengine kwa mikono ya watoto. Tatu zilikuwa zimekwishasafiri, tukazipigia simu, zikaturuhusu kuzitolea.

Mzee mmoja alibaki mlangoni akauliza, "Na mwaka jana je?" Hatukuwa na jibu. Shehe wetu alisema aliyepunguza bila kujua hana dhambi, lakini haki ya maskini haifutiki kwa kutojua. Kila mtu akadirie na atimize. Madaftari ya nyuma tunayo sita. Tumeanza kuyapitia Alhamisi baada ya Magharibi, na majina mengine humo ni ya marehemu, kwa hiyo tunabisha hodi kwa warithi wao, na si kila mlango unafunguliwa kwa uso mkunjufu.

Kopo jipya ni la lita 3. Kinachozidi ni sadaka. La zamani tumelitoboa chini na kulipanda mrehani, liko pale penye birika la kutawadhia.